Kerneli ya Kitui iliyogoma Makueni

Juzi nilikuwa napanga makaratasi ya zamani nikakutana na daftari la hesabu, lile la miraba, ambalo nilidhani limeshaliwa na mchwa. Ndani hamna hesabu. Kuna tarehe, kuna saa, na chini yake safu za alama kama c0129f3a na c01350b8, zimeandikwa kwa mwandiko uliosimama wima, mwandiko wa mtu aliyezoea ubao. Ni kumbukumbu za seva ya shule moja ya sekondari upande wa Wote, Makueni. Mwaka 2004 seva hiyo ilianguka mara 14 katika wiki 5, na kila ilipoanguka ilikuwa ikiendesha kerneli niliyoikompaili mimi mwenyewe.

Vijana wa leo huniuliza kwa nini tulijisumbua kukompaili kerneli wakati zipo zilizo tayari, na kwa nini zetu zilikuwa zinaanguka. Nimeamua kujibu maswali yote mawili kwa mpigo, daftari likiwa mezani.

Kwanza neno lenyewe. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayogawa memori, inayosema na diski na kadi ya mtandao, na inayoamua programu ipi ipate zamu ya prosesa. Programu ya kawaida ikikosea inakufa peke yake. Kerneli ikikosea inakufa na nyumba nzima. Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice na tukapata maneno ya Kiswahili ya faili, hati na mengineyo, lakini hakuna aliyetupa neno la kerneli iliyokata roho. Sisi tulisema "imezimia". Nitaendelea hivyo.

Kwa nini tulikompaili

Kompyuta nyingi zilizofika Ukambani miaka hiyo zilikuwa zimeshafanya kazi kwingine na kustaafishwa. Shirika la Computers for Schools Kenya, kwa mfano, lilianza mwaka 2002 kwa kazi ya kufikisha mashine shuleni. Za shule yetu zilitoka kwingine, lakini sura ni ileile: Pentium za megahezi 100 au 133, memori ya megabaiti 16 au 32, diski zinazolia kama kriketi. Windows XP, iliyotoka 2001, ilihitaji angalau megabaiti 64, na hata hapo ungenywa chai yote ikiwa bado inawaka.

Jibu letu lilikuwa LTSP, mradi ulioanzishwa Marekani mwaka 1999 na Jim McQuillan. Unanunua mashine moja yenye nguvu iwe seva. Zile kuukuu unazitoa diski, unazipa flopi ya Etherboot, zinawaka kupitia mtandao na kubaki skrini na kibodi tu. Kazi yote inafanyika kwenye seva. Watoto 15 wanafungua programu kwenye Pentium 100 na hawajui kwamba wanatumia mashine iliyo chumba cha pili. Ubaya wake unauona: seva ikizimia, skrini 15 zinazimia kwa pamoja, na insha 15 ambazo hazijahifadhiwa zinakwenda na maji.

Seva zilikuwa mbili, pacha. Zilinunuliwa siku moja kwenye duka moja Nairobi: prosesa ya AMD Duron ya megahezi 800, memori megabaiti 512, madabodi yenye chipu za VIA. Moja ikaenda shule ya Kitui, si mbali na mjini, nyingine Makueni. Zote mbili nilizipa Debian 3.0, ile ya mwaka 2002, na kerneli yake ya 2.4.18 iliyokompailiwa kwa ajili ya prosesa ya 386 ili iwake kwenye mashine yoyote ile. Ni kama sare ya shule iliyoshonwa kwa mtoto mkubwa kuliko wote: inamwingia kila mtu na haimkai yeyote.

Nilitaka ya kuwakaa. Nilitaka pia mpya, kwa sababu Novemba 2003 seva za mradi wa Debian wenyewe zilivamiwa kupitia tundu la kerneli, lile la do_brk, na miezi iliyofuata yakatokea mengine mawili ya mremap. Kidato cha tatu wana muda mwingi na adabu kidogo. Basi nikaamua kukompaili 2.4.26, iliyotoka Aprili 2004. Chanzo chake kilikuwa takriban megabaiti 30 zikiwa zimebanwa. Kwa modemu ya kilobiti 33.6 hizo ni saa 2 kama laini haikatiki, na laini ilikuwa inakatika, kwa hiyo zilikuja kwa CD ndani ya matatu kutoka Nairobi. Nikafungua menyu ya usanidi, nikaondoa kila nisichokihitaji, na kwenye aina ya prosesa nikachagua Athlon/Duron/K7. Weka alama hapo kwenye K7, tutarudi.

Niliikompaili Kitui. Ikawaka, ikakaa. Nikachoma faili ileile kwenye CD, nikapanda matatu mbili kupitia Machakos hadi Wote, nikaiweka kwenye pacha. Siku ya tatu ikazimia.

"Kijana wangu," mwalimu wa kompyuta aliniambia kwa simu, "hii kerneli yako ni mbovu. Nikirudisha ile ya kwanza haianguki."

"Mwalimu, faili hiyohiyo iko Kitui, haijaanguka hata mara moja."

Sote wawili tulikuwa tunasema kweli, na ndiyo maana shughuli ilichukua wiki 5. Mwalimu mkuu naye alikuwa amesema lake: shule ikifungwa mtambo huo ungali unaanguka, chumba kitageuzwa stoo ya mahindi na somo la kompyuta litafutwa.

Mwaka ambao kerneli kweli ilikuwa mbovu

Usidhani mwalimu alikuwa anaropoka. Mtu aliyefuata Linux miaka hiyo alikuwa na kila sababu ya kuishuku kerneli kwanza. Kanuni ya wakati ule ilisema namba ya pili ikiwa shufwa, kama 2.2 au 2.4, basi ni tawi tulivu. Tawi la 2.4 lilitoka Januari 2001 na mwaka mzima halikutulia.

Septemba 2001, Linus Torvalds alifanya jambo ambalo mpaka leo watu wa rika langu hulisimulia kwa kushangaa. Katikati ya tawi lililoitwa tulivu, kwenye 2.4.10, aling'oa mfumo mzima wa kusimamia memori ulioandikwa na Rik van Riel akaweka mwingine wa Andrea Arcangeli. Ni kama kubadilisha injini ya basi likiwa Mtito Andei na abiria ndani. Iliyofuata, 2.4.11, ilikuwa na kasoro ya viungo vya faili, ikapewa jina jipya la kuwaonya watu wasiitumie. Novemba ikaja 2.4.15, ambayo ukiizima kompyuta kwa utaratibu wote inaweza kukuharibia mfumo wa faili. Baada ya siku chache tu ikatoka 2.4.16 kuirekebisha, na tawi likakabidhiwa kwa kijana wa Brazil, Marcelo Tosatti, aliyelituliza taratibu.

Kompaila nazo zilikuwa na mambo yake. Red Hat 7.0 ya mwaka 2000 ilikuja na gcc 2.96, toleo ambalo waandishi wa gcc wenyewe hawakulitoa rasmi, na kwa kuwa halikuaminika kwa kerneli, Red Hat waliweka kompaila ya pili, kgcc, kwa kazi hiyo tu. Waliotumia ile ya kwanza bila kujua walipata kerneli zinazoyumba na wakamlaumu Linus. Mimi nilikuwa na gcc 2.95 ya Debian, iliyopendekezwa, kwa hiyo hilo nililivuka haraka. Na 2.4.26 ilikuwa imeshapita mbali na balaa za 2001. Lakini "imeshapita mbali" si ushahidi.

Oops kwa SMS

Kerneli ya Linux ikikanyaga pabaya huandika ripoti iitwayo Oops kwenye skrini: anwani ya maelekezo iliyokuwa inatekelezwa, thamani za rejista, kisha msururu wa anwani unaoonyesha nani alimwita nani mpaka kufika hapo. Mara nyingi baada ya hapo diski haiandikiki tena, kwa hiyo ripoti haimo kwenye faili lolote. Iko kwenye kioo. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha upya, imekwenda.

Basi mtu ananakili kwa mkono. Hivyo ndivyo dunia nzima ilivyofanya, kuanzia Helsinki mpaka Wote. Nilimwomba mwalimu aiache skrini ya seva kwenye maandishi matupu, azime kipumzisha skrini, na seva ikizimia asiguse kitu mpaka amalize kunakili. Kisha alinitumia kwa SMS. SMS moja ilibeba herufi 160, kila anwani ni herufi 8 na nafasi moja, kwa hiyo ziliingia anwani 17. Alikuwa akianza na ile ya juu kabisa na kujaza mpaka simu ikatae. Ukichanganya b na 6, au 8 na B, unatafuta kitu kisichokuwepo. Mara mbili nilitumwa katikati ya jangwa hivyo.

Anwani tupu hazisemi neno. Kuzigeuza kuwa majina ya kazi za ndani ya kerneli unahitaji ramani, faili liitwalo System.map, ambalo huzaliwa pamoja na kerneli yenyewe, na programu ya Keith Owens iitwayo ksymoops. Ramani lazima iwe ya kompaili ileile. Ukikompaili upya baada ya kugusa chaguo moja tu, anwani zote zinasogea, na ramani ya jana inakudanganya kwa uso mkavu. Mimi nilikuwa nimeiacha ramani Kitui na nikakompaili tena juu yake. Ripoti tatu za kwanza kwenye daftari hazijasomeka hadi leo.

Zilizofuata zilisomeka, na zilinichanganya zaidi. Kasoro ya kweli ya kerneli ina tabia ya mwizi wa kuku: hurudi palepale. Ikiwa dereva wa kadi ya mtandao ana shida, jina lake litatokea mara kwa mara. Sisi moja ilitoka kwenye ext3, moja kwenye TCP, moja kwenye mgawaji wa kurasa za memori, nyingine kwenye kipanga zamu. Hakuna lililojirudia. Na katika mbili kati yake kerneli ililalamika kwamba imepelekwa kwenye anwani 00400000 na 08000000. Ziandike kwa biti uone: sufuri tupu na moja moja tu. Yaani palipaswa kuwa sufuri, na biti moja imesimama bila kuitwa. Mara ya kwanza biti ya 22, mara ya pili biti ya 27.

Mtu mwenye busara angeacha kuisoma kerneli saa hiyohiyo. Mimi niliendelea siku 10 nyingine, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka habari ya Athlon.

Habari ya Athlon

Hii ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote za 2.4, na inahusu hasa watu waliojikompailia. Mwaka 2001 watu wenye prosesa za Athlon na madabodi za chipu ya VIA KT133A walianza kulalamika. Kerneli iliyokuja na Linux yao haina shida. Wakikompaili yao na kuchagua K7, inazimia, mara nyingine kabla hata haijamaliza kuwaka. Wakirudi nyuma na kuchagua 686, imepona. Chanzo kilekile, kompaila ileile, mashine ileile, tofauti ni mstari mmoja wa menyu.

Ukichagua K7, kerneli hunakili kurasa za memori, baiti 4096 kwa mkupuo, kwa njia ya pekee. Inaita data mapema kabla haijahitajika, na inaandika moja kwa moja kwenye memori bila kupita kwenye kashe ya prosesa. Ni kasi kubwa. Ni pia mzigo mzito kwenye njia kati ya prosesa na memori, mzito kuliko kitu chochote ambacho watengenezaji wa madabodi hizo walikuwa wamekijaribu.

Wengi walisema mashine hizo zina memori mbovu au umeme dhaifu. Wengine walisema programu ya kunakili imeandikwa vibaya. Kilichokata mzizi wa fitina ni kwamba baadhi walibadilisha BIOS tu na tatizo likaja au likaondoka. Watu wakaanza kulinganisha rejista za chipu, mashine zima kwa mashine gonjwa, namba kwa namba, mpaka wakabaki na rejista moja: ya 55, kwa heksadesimali. Baadhi ya BIOS ziliwasha biti zake za juu, nyingine ziliziacha. Kiraka kilichoingia kwenye kerneli ni mistari michache: soma rejista hiyo, na biti zile 3 za juu zikiwa zimesimama, zilaze. Mwanzoni kiliandika ujumbe wa utani wakati wa kuwaka, kwamba kinajaribu kumkanyaga mdudu wa Athlon. Baadaye ujumbe ukawa wa adabu, kwamba foleni ya kuandikia memori ya VIA imezimwa.

Utaona kwa nini nilishangilia. Duron ni ndugu wa Athlon. Madabodi ni ya VIA. Kerneli ya K7 inazimia, ya 386 haizimii. Nilimpigia mwalimu simu usiku kumwambia nimepata. Asubuhi akawasha seva na kunisomea maandishi ya kuwaka. Mstari ule wa foleni ulikuwepo, neno kwa neno. Kiraka kilikuwa kimeshafanya kazi yake kila siku, na seva ilikuwa inazimia vilevile. Kitui nako mstari ulikuwepo, na Kitui haikuzimia.

Ishara ya 11

Kuna maarifa ya zamani zaidi ambayo ningeanza nayo kama nisingekuwa mjuaji. Katika miaka ya 1990 Mholanzi Rogier Wolff aliandika ukurasa wa maswali na majibu kuhusu jambo moja tu: unakompaili kerneli, na katikati gcc inauawa kwa ishara ya 11. Ushauri wake ulikuwa mwepesi. Anzisha kompaili tena. Ikifia palepale, huenda kosa ni la programu. Ikiendelea mbele na kufia kwingine, tafuta kosa kwenye chuma: memori, kashe, joto, umeme. Kukompaili kerneli kulikuwa mtihani mzuri wa mashine kuliko vingi vilivyouzwa kwa jina hilo.

Kwa memori hasa kulikuwa na Memtest86 ya Chris Brady, iliyoanza 1994, programu inayowaka peke yake bila mfumo endeshi na kuandika na kusoma kila pembe ya memori. Na kwa maskini kama sisi kulikuwa na kitu kizuri zaidi, BadRAM ya Mholanzi mwingine, Rick van Rein. Ni kiraka unachokompaili ndani ya kerneli, kisha unaiambia anwani zipi zimeoza, nayo inazikwepa maisha yake yote. Kijiti cha memori ambacho Ulaya kingetupwa, kwetu kingefanya kazi miaka mingine 5. Nilikuwa tayari kuitumia.

Mwalimu alianzisha Memtest86 saa 2 usiku baada ya prepu na kuiacha mpaka alfajiri. Mizunguko kadhaa, makosa sufuri. Tukarudia usiku wa pili. Sufuri. Nikaandika kwenye daftari langu "memori nzima" na nikapiga mstari chini yake mara mbili. Huo ndio mstari ninaouonea aibu.

Kinu

Aliyeona ni mwalimu. Alinipigia Ijumaa moja akaniuliza, kwa upole wa mtu anayehofia kuonekana mjinga, kama kinu cha posho kinaweza kuhusika. Ng'ambo ya uwanja wa shule kulikuwa na kinu cha kusaga unga na kukoboa mahindi ya muthokoi, na kilikuwa kwenye transfoma moja na shule. Alikuwa amegundua kwamba mota ikianza, taa ya chumba cha kompyuta inafifia kidogo kisha inarudi.

Tuliangalia saa kwenye daftari. Mara 12 kati ya 14 zilikuwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Nilitaka kuruka kwa furaha, lakini hizo ndizo saa ambazo watoto wako darasani na seva ina kazi. Mzigo na kinu vilitembea pamoja, huwezi kujua nani mwizi. Ila jambo moja lilinigonga: Memtest86 tuliiendesha usiku, mara zote mbili. Usiku kinu kimefungwa, na mabati ya paa yamepoa.

Jumamosi nilikuwa Wote. Darasa tupu, Memtest86 inazunguka, mwalimu dirishani akisikiliza mota. Kinu kilipoanza kusaga, makosa yakaanza kutokea kwenye skrini, mekundu, moja, kisha manne, anwani tofauti na biti tofauti kila mara. Mwenye kinu alipokwenda kula, makosa yakakoma. Aliporudi, yakarudi. Basi si kijiti cha memori kilichooza, kwa sababu kijiti kilichooza hurudia anwani ileile. BadRAM isingesaidia kitu.

Kisha nikafanya lile ambalo mwalimu alistahili kufanyiwa wiki ya kwanza. Niliwasha kerneli yake ya 386, ile isiyoanguka, na kuipa kazi ya kukompaili bila kupumzika huku kinu kikisaga. Ilichukua saa 3 hivi. gcc ikafa kwa ishara ya 11. Nikaanzisha tena, ikapita pale ilipofia. Kerneli yake nayo ilikuwa inaumwa, ila ilikuwa na upole wa kutosha kutoonyesha. Ya K7 ilikuwa inaipiga memori kwa nguvu, ndiyo ikaumbuka mapema.

Tukafungua kasha. Pembeni ya prosesa kulikuwa na kapasita 6, na 4 kati yake zilikuwa zimevimba kichwani kama mikebe ya maziwa iliyoharibika. Mmoja alikuwa amevuja ute wa kahawia. Madabodi nyingi za kuanzia 1999 hadi miaka ya kati ya 2000 zilipata ugonjwa huo. Kapasita za bei nafuu zilitiwa maji yenye kemia mbaya, na ilisimuliwa kwamba kanuni ya kemia hiyo iliibwa ikiwa nusu. Sijui kama wizi huo ulikuwa kweli, lakini kapasita nilizishika. Joto huziua haraka zaidi: kwa kipimo cha mafundi, kila nyuzi 10 zaidi hupunguza umri wake kwa nusu. Weka mashine chini ya mabati Makueni bila dari na upige hesabu mwenyewe. Kapasita nzima ingeufunika mwanya ule mdogo wa umeme mota inapovuta mkondo wa kuanzia, ambao ni mara kadhaa ya ule wa kawaida. Iliyovimba haikuwa na akiba.

Fundi wa redio wa Kitui alizibadilisha zote 6 kwa kuzitoa kwenye madabodi nyingine iliyokufa. Mwanzoni alitaka kuweka za redio, zenye namba zilezile kichwani. Nilimkatalia kwa heshima, maana hizo zina ukinzani mkubwa wa ndani na karibu na prosesa hazidumu. Tukaongeza stabilaiza ya volti. Kerneli hatukuigusa. Ilirudi ileile ya K7, kutoka CD ileile.

Baada ya hapo

Zana zilibadilika haraka. Kerneli ya 2.6, iliyotoka Desemba 2003, iliweza kubeba majina yake ndani, kwa hiyo Oops zikaanza kusomeka bila ramani. Netconsole ya Ingo Molnar iliweza kurusha maneno ya mwisho ya mgonjwa kwenda mashine nyingine ya mtandao, na daftari likakosa kazi. Aprili 2005 Torvalds aliandika Git, na mwaka huohuo ikapata amri ya bisect, inayokata historia ya mabadiliko katikati, na katikati tena: mabadiliko 1000 unayapima kwa mara 10 tu. Ni zana ya ajabu, lakini ingetupoteza kabisa Makueni, kwa sababu inadai kila kipimo kijibu ndiyo au hapana kwa uaminifu, na kipimo chetu kilikuwa kinamsikiliza mwenye kinu.

Kuhusu chuma, mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha hesabu za memori za seva za Google: zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vilikuwa na makosa katika mwaka mmoja, kiwango kikubwa kuliko ilivyoaminiwa. Na Januari 2021 Torvalds mwenyewe aliandika kwa hasira kuhusu kompyuta za kawaida kunyimwa memori inayojisahihisha, akikumbuka Oops za miaka mingi ambazo hazikuwahi kueleweka na ambazo aliamini zilitokana na chuma. Nilisoma hayo nikamkumbuka mwalimu na swali lake la Ijumaa.

Siku hizi huko kumebadilika. Barabara ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ina lami. Pale Malili, ndani ya Makueni, kuna Konza na kituo chake cha data. Chumba cha shule hakikuwa stoo ya mahindi. Pacha wa Kitui, ambaye nilimtumia kama shahidi wangu wiki 5 nzima, nilimfungua likizo ya Desemba 2004. Kapasita zake 2 zilikuwa zimeshaanza kuvimba. Alikuwa hana jirani wa kinu, basi.

Mwalimu aliendelea kulijaza daftari hata baada ya matengenezo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Kila Ijumaa aliandika tarehe na siku ambazo seva imekuwa macho. Kwenye 2.4 hesabu hiyo hurudi sufuri baada ya siku 497, na nilikuwa nimemwandalia maelezo asije akashtuka. Hayakuhitajika, umeme ulikatika siku ya 61. Kurasa 3 za mwisho zina safu ya tarehe na, mbele ya kila moja, neno lilelile kwa mwandiko ule wa ubaoni: hakuna, hakuna, hakuna.